Daftari la Thuwein

Mundhir amekuja tena na swali lake,
Alhamisi baada ya isha, hapa Mabela,
kabla birika la kahawa halijapoa:
"Ami, nionyeshe ile hesabu."
Nikamjibu kwa kumsogezea tende.

Ile hesabu haina uchawi.
Kuanzia mbili mpaka sita, ongeza moja.
Saba, nane, tisa, ziache zipite kama wageni wa jirani.
Kumi, wazungu wote, na ree, punguza moja.
Iwe shupaza au kopa, uru au pau, rangi haina neno.
Jumla ikipanda, weka nzito.
Ikishuka, kunywa maji, tazama dari.
Mtoto wa darasa la nne anaiweza,
kama hakuna muziki, hakuna moshi,
na hakuna mwenye suti anayehesabu kope zako.

Haya, nimeshaisema yote,
na siri bado iko palepale.

Thuwein alifunzwa na Rodel, Mfilipino,
mgawaji wa karata katika meli ya watalii
iliyofungua meza zake pale tu
taa za Dubai zilipokwisha kuzama.
Thuwein alikuwa fundi wa viyoyozi;
mkewe alidhani huko melini anatengeneza baridi.
Aliyaandika yote katika daftari la shule,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
akanipa hospitalini, mirija puani,
akasema neno moja: "Lifunike."

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndiyo iliyokuwa yake.
Ghalib naye alikuwa na yake: mficha uchi hazai.
Akakodi chumba Ruwi, juu ya duka la miwani,
akafundisha vijana kumi na wawili,
riali kumi kwa kichwa, juisi ya embe bure.
Mwezi wa kwanza walirudi na viatu vipya.
Mwezi wa tatu meli ikageuka:
jozi sita zikawa nane,
karata zikachanganywa kabla hazijafika nusu,
na Rodel, asiyemjua Ghalib wala chumba chake,
akarudishwa kwao na sanduku moja.

"Mimi nimefundisha hesabu," alisema Ghalib.
"Mwalimu hushtakiwa, mwanafunzi akipunja mizani?"
Nilikosa jibu. Mpaka leo ninalikosa.

Maana meza yenyewe inajijua vizuri,
imeajiri watu wa kuijua.
Asiyejua ni dereva wa lori kutoka Sohar,
anayeacha mshahara pale kwa imani
kwamba amepoteza mara saba, basi ya nane ni yake.
Nikimnyima yeye hesabu, namlinda nani?
Rodel ameshaondoka.
Pengine nalinda ile raha tu
ya kujua peke yangu.

Yusra, mke wangu, hana subira na haya.
"Pesa ya haramu, halafu mnagombania adabu zake?"
Anacheka, anakusanya vikombe.
Kwao Misfah, zamu ya maji ya falaji
hupimwa kwa kivuli cha kijiti,
na kila mtu, hata mtoto wa mbuzi wawili,
anajua zamu ya nani imekwisha.
Hesabu ya wazi, na hakuna aliyekufa kiu.
Lakini yale maji hutoka mlimani.
Yetu sisi yalitoka mfukoni mwa mtu.

Usiku huu nimetoa karata za wahedi wa sitini,
tucheze tu, mshindwa anunue mishikaki.
Nimegawa. Sijafundisha kitu.
Imeanguka ree ya pau, kisha tatu, kisha tano,
nikaona midomo ya Mundhir inasogea,
kama ya mtu anayesali na safari inamngoja:
hasi moja, sufuri, moja.

Labda ameigundua mwenyewe.
Labda amelipata daftari, kule nyuma ya mtungi wa gesi.
Sikuuliza.
Nimeinama juu ya mkeka, nikamwambia
la kwanza, na sidhani kama lipo la pili:
"Funga mdomo."